Mama Garanti na Mashine ya Mzee Kettley

Dukani siku ile tulikuwa watu wanne. Wa kwanza mimi, Mwanaisha binti Omari wa Tanga, mpishi na mfuaji wa nyumba moja ya Morningside. Wa pili Mzee Kettley, bosi wangu, aliyefiwa na mkewe Doreen akabaki na paka na bunduki zake za shabaha. Wa tatu Bwana Pillay wa kaunta, ambaye undugu wake na sisi ulikuwa mmoja tu, kwamba ndiye aliyemuuzia Mzee ile mashine. Wa nne ni huyu ninayemwandika. Furaha wa Uvira hakuwepo, ingawa akiisimulia leo husimulia kama alitushikia mlango. Furaha alikuwa jirani yangu mlango kwa mlango pale South Beach, na alisuka nywele saluni moja na huyo wa nne. Mume wangu Shafii naye hakuwepo, alikuwa Clairwood kwenye yadi ya malori.

Majina nayakumbuka yote. Paka wa Mzee aliitwa Biskuti. La huyo wa nne pia ninalo, jina lake na la babake, lakini pale jengoni hakuna aliyemwita hivyo. Tulimwita Mama Garanti, nami nitaishia hapo. Mimi pale jina langu lilikuwa Mama Zuhura, na kabla hajaja yeye, Mama Zuhura ndilo lililokuwa likiitwa koridoni asubuhi hadi jioni. Mama Zuhura, mtoto ana homa. Mama Zuhura, hii dagaa inaungwaje. Alipokuja, watu wakaanza kupita mlangoni kwangu wakielekea ngazini, na mkononi wameshika birika.

Alikaa ghorofa ya sita, sisi ya nne. Lifti ilikuwa ikifanya kazi inapojisikia. Kwao Kongo alikuwa mwalimu wa darasa la nne, huku Durban akawa msusi kama wenzake, lakini mkao wa ualimu haukumtoka. Ukisema naye, alingoja umalize, kisha alinyamaza kidogo, kama anayetafuta pa kukuwekea alama nyekundu.

Chumba chake kilijaa makatoni hadi darini. Ya pasi, ya redio, ya feni, ya simu za mkononi zilizokuwa zikianza wakati ule. Mgeni angedhani ni mfanyabiashara. Yote yalikuwa ya watu. Sisi tulikuwa tunakaa familia mbili chumba kimoja tumetenganishwa na shuka, katoni tupu ulaze wapi? Basi mtu alinunua kitu, akachukua kitu, katoni akampelekea yeye, na yeye akaandika jina la mwenyewe ubavuni. "Katoni njo mama ya mashine," alikuwa akisema, na njo kwao ni ndiyo. "Ukitupa mama, mtoto akigonjwa utamupeleka kwa nani?"

Kitu cha mtu kikiharibika ndani ya muda wa garanti, yeye ndiye aliyekirudisha dukani, na alikuwa na taratibu zake. Dukani hakwenda Jumatatu wala Ijumaa. Jumatatu, alisema, wanauguza wikiendi, na Ijumaa wanaingoja. Alivaa gauni la kanisani, la kahawia, na viatu vya kamba, na mkoba wa ngozi wa walimu wenye bizimu mbili za kufungia. Akifika aliomba kiti. Kama hakuna kiti alisimama kimya mpaka kikatokea. Kisha aliuliza jina la anayemhudumia, akaliandika mbele ya macho yake, pole pole, akauliza kama amelipatia. Ndipo alipopanga karatasi zake mezani moja moja, kama mtu anayetandika kitanda cha mgonjwa.

Na wakimwambia haiwezekani, hakubishana. Alisema, "Sawa. Basi niandikie kwamba umekataa, na sababu yako, na uweke jina."

Hapo ndipo penye siri yake, nami niliijua mapema maana Furaha alikuwa akimwigiza. Furaha alikuwa na redio ya kaseti iliyokuwa ikila mikanda. Duka likamwambia ameiangusha. Akaenda na Mama Garanti, na yule mama akakaa kwenye sofa la kuuza, lenye bei bado imening'inia, tangu duka linafunguliwa mpaka mchana. Meneja alimwambia hapana mara tatu kwa mdomo. Alipopewa kalamu akaandika mstari mmoja, akaukata, akaandika mwingine, akasimama, akaingia ndani, akarudi na redio mpya. "Mwenye duka haogopi kelele," Mama Garanti akamwambia Furaha njiani. "Kelele anasikia kila siku. Anaogopa maneno yake mwenyewe."

Shafii aliposikia habari ile alicheka mpaka akakohoa. "Yule mama ana kichwa," akasema.

"Na mimi nina nini," nikamuuliza, "kwato?"

Akaendelea kucheka. Lakini wiki ile ile nilimkuta amepeleka wembe wake wa umeme ghorofa ya sita.

Nisimseme kwa mabaya tu. Nitamsema pia kwa yale yaliyonifurahisha. Alikuwa hajui kupika. Maharage yake yalitoka magumu kama kokoto, na ugali wake ulikuwa na madonge ambayo ungeweza kuyahesabu. Aliazima chumvi, na siku akirudisha alirudisha sukari, hakutazama. Utani ulimfikia kwa kuchelewa, wenzake wameshahamia habari nyingine yeye ndipo anacheka. Na jambo moja lilinishangaza. Pasi yake mwenyewe haikuwa na mshikio, alipiga pasi kwa kuishika na tambara. Mwavuli wake ulikuwa na mbavu mbili zimevunjika. Nilimwuliza, mbona vyako huvipeleki? "Vyangu nilinunua barabarani, Dada," akasema. "Barabara haina kaunta."

Kitu kingine. Dukani hakusema uongo hata wa herufi moja. Ukimwambia andika nilinunua mwezi huu kumbe ni mwaka jana, alifunga mkoba. Lakini habari za mumewe alizitoa tatu. Mimi aliniambia yuko Lusaka. Furaha aliambiwa yuko Ulaya anasoma. Mama wa ghorofa ya pili, Bi Odette, aliambiwa amekufa na akamchangia maua. Nilimwambia Shafii, unaona, muongo. Shafii akasema, "Huo si uongo, hilo ni pazia." Roho ikaniuma. Mimi mume huyu nimemzalia watoto watatu na hajapata kunisemea maneno ya kitabu namna ile.

Sasa nije kwenye mashine.

Mzee Kettley kila Jumamosi alikwenda klabu ya shabaha kutoboa makaratasi, na akirudi mifuko imejaa maganda ya risasi ya shaba, yanagongana kama njuga. Hakuyatupa. Gerejini alikuwa na mashine ya kuyajazia upya, chuma kizito kimefungwa kwa nati juu ya meza, kina mkono mrefu wa kuvuta chini, kama kikamulio cha ndimu cha jitu. Baruti ilikaa kabatini kwa kufuli, ufunguo anao mwenyewe, na kabati lile mimi sikulisogelea kamwe. Mashine nayo aliniambia nisiiguse. Lakini niambieni, mwanamke unalipwa kufuta vumbi, utaizunguka vipi meza yenye vumbi kila wiki ukaiacha?

Ilikuwa mpya, haijafika hata nusu mwaka, na ilikuwa inalia. Akivuta, kwii. Akiachia, kwii. Nilikuwa nayasikia hayo jikoni mpaka meno yananiuma. Shangazi yangu Mwanahamisi, fundi cherehani wa Ngamiani, alitufundisha kuwa chuma kinacholia kina kiu, na cherehani yake aliinywesha mafuta ya nazi kidogo tu, kwa unyoya wa kuku. Basi siku moja Mzee yuko kwa daktari wa macho, nami nina kichupa changu cha mafuta ya nywele, nikapaka pale mkono unapoungana na kichwa cha mashine. Kilio kikaisha. Kesho yake Mzee akaniambia wakati wa chai kwamba mashine sasa imezoea kazi. Nikafurahi kimya kimya.

Wiki ya tatu mkono ukamkatikia. Palipokatika ni pale pale nilipopaka.

Mzee akaipeleka dukani mwenyewe, na kwa jinsi nilivyomjua alipiga meza. Akarudi amekuwa mwekundu. Bwana Pillay, ambaye aliiangalia kwa haraka huku Mzee anamfokea, alimwambia kuna mafuta yasiyo yake kwenye kiungo, na inaonekana mtu ameilazimisha, na garanti hailipii uzembe. Mzee akasimama mlangoni mwa jikoni.

"Gerejini anaingia nani mwingine?" akaniuliza.

"Biskuti," nikasema.

Hakucheka. Akaniambia hawezi kukaa na mtu asiyemwamini. Mwisho wa mwezi niondoke.

Muelewe hili. Karatasi yangu ya kukaa nchini iliandikwa nyumba ile. Kazi ikikatika, karatasi imekatika, na Shafii kule yadini alikuwa anaitwa siku mbili, siku tatu anaachwa. Zuhura wangu alikuwa shule kwa mama yangu Tanga na wadogo zake. Kwa hiyo pale jikoni sikupoteza kazi peke yake.

Jioni nilikaa koridoni juu ya ndoo niliyoigeuza. Furaha akatoka kwake.

"Panda juu kwa Mama Garanti," akasema.

"Sipandi."

"Mama Zuhura, kama hupandi ngazi utapanda basi la kurudi Tanga. Chagua."

Nikapanda. Alikuwa anajisuka mwenyewe mbele ya kioo kidogo, hakuinuka. Akasema, "Karibu, Dada. Nilikuwa niko nakungoja."

"Nani kakwambia nakuja?"

"Furaha amekuambia hapa chini kwa sauti ya harusi. Katoni ya ule mashine iko wapi?"

Nikamwambia katoni ninayo. Na kweli ninayo, Mzee alipoifungua mashine alinipa katoni nikaja nayo nyumbani, ngumu, nzuri, nikaiweka chini ya kitanda nikapangia sahani zangu za Idi. Tukashuka ghorofa mbili. Akaniambia nitoe sahani. Chini kabisa kulikuwa na kadi ngumu ya samawati niliyoitandika mwenyewe ili sahani zisigongane. Akaiinua, akaisoma pande zote, midomo inatembea. Kisha kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akacheka palepale bila kuchelewa.

"Dada, njo hii. Umelaza sahani juu ya garanti."

Mimi nilisoma darasa la tatu. Herufi nazijua, za Kiingereza zikiwa nyingi namna ile hukimbiana. Miezi mitano nimeilalia karatasi iliyosema kwamba mashine ikivunjika kwa kosa la kiwandani, aliyeinunua kwanza atapewa nyingine. Ningependa kusema nilishukuru. Nilitazama vidole vyake vyembamba juu ya kadi yangu, nikaona kwamba hata kilichokuwa chini ya kitanda changu kilikuwa kinamngoja yeye.

Alhamisi alikuja Morningside na gauni lake la kahawia. Mzee alikuwa amekubali kwa sababu kadi ilimshangaza, alidhani imetupwa. Alipoingia ndani kuchukua funguo za gari, sisi wawili tulibaki gerejini. Mama Garanti akakichukua kile kipande kilichokatika, akakigeuza, akakipeleka puani.

"Hii iko na harufu ya nazi."

Nikashika tambara la vumbi.

"Mama Zuhura. Ulipaka?"

"Kidogo. Ilikuwa inalia."

"Mzee anajua?"

"Mzee hajui nazi inanukaje. Nyamaza basi. Tukifuta kwa sabuni..."

Akakifunga kile kipande kwenye kitambaa cheupe, hakukifuta. "Tukificha kitu kimoja, watatafuta kile kile kimoja," akasema. "Kule utasema wewe mwenyewe. Mimi nitakuonyesha saa."

Njia nzima ya kushuka kilima cha Berea nilikaa nyuma ya gari nikamwombea mabaya. Kila robot, taa ya njia panda, ilipowaka nyekundu nilishukuru, ninapata dakika moja zaidi ya kuwa na kazi. Yeye alikaa mbele. Mimi miaka minne na Mzee yule sijawahi kukaa mbele, wala sikujua kwamba inawezekana.

Dukani aliomba kiti, akapewa. Akaandika jina la Bwana Pillay. Bwana Pillay alikuwa mtu wa makamo, ana miwani mbili, moja usoni na moja kifuani kwa kamba, na hakuwa mkorofi, alikuwa amechoka.

"Madamu, huyu bwana tulishamjibu," akasema.

"Mulimujibu kwa mdomo," akasema Mama Garanti kwa Kiingereza chake cha pole pole, nami naandika kama nilivyokielewa. "Mimi naomba kwa karatasi. Hii ni kadi. Hii ni risiti. Namba ya kadi na namba ya mashine ni moja. Andika kwamba mnakataa, na sababu."

Mzee akataka kusema kitu. Mama Garanti akainua kidole kimoja, bila kumgeukia, na Mzee Kettley, aliyekuwa akinifokea mimi kwa sababu ya supu, akafunga mdomo.

Bwana Pillay akachukua kalamu. Akaandika tarehe. Akaandika jina la Mzee. Alipofika kwenye sababu, kalamu ikasimama. Mama Garanti akafungua kitambaa cheupe akakisogeza kile kipande mbele yake. Kisha akanitazama, akasema kwa Kiswahili, "Sasa."

Nikasema. Kwa Kiingereza changu cha jikoni nikasema nilipaka mafuta ya nazi, mara moja, hapo hapo, kwa sababu ilikuwa inalia na Shangazi yangu alifanya hivyo. Mzee akageuka mzimamzima. Masikio yangu yakawa kama yamezibwa na unga.

Bwana Pillay akavua miwani ya usoni, akavaa ya kifuani, akakiinua kile kipande kwenye mwanga wa dirisha. Akakitazama muda mrefu. Akakwaruza pale palipokatika kwa ncha ya kisu kidogo. Kisha akamwita Mzee, akamwonyesha. Nami nikachungulia. Ndani ya chuma, katikati kabisa, kulikuwa na tundu, jeusi, kama lile unaloliona ukikata mkate ambao chachu imekaa vibaya.

"Hili limetoka nalo kiwandani," akasema. "Kelele mliyokuwa mnaisikia ni hii. Ilikuwa ipasuke tu." Akanigeukia. "Auntie, kwa mafuta ya nazi ungeweza kuikaanga. Kuivunja, hapana."

Akakata alichokwisha kuandika. Akaandika upya, akapiga mhuri, na mashine mpya ikaja baada ya wiki sita.

Mzee hakuniomba radhi. Wazungu wa umri ule na wapishi wao, mambo hayo hayakuwa na njia. Aliniambia tu, "Basi, tuendelee," nami nikajua kwamba mwisho wa mwezi umefutwa na karatasi yangu imepona. Lakini Mama Garanti, yeye Mzee alimkaribisha sebuleni. Akamketisha kwenye kiti cha Doreen, kile cha maua ya bluu kando ya dirisha. Kiti kile mimi nilikifuta miaka minne, nakijua mpaka misumari yake ya chini, na sikupata kukikalia hata nyumba ikiwa tupu. Nikaambiwa nilete chai. Nikaileta kwa vikombe vya dhahabu.

"Dada, kaa na wewe," akaniambia, mbele ya Mzee.

"Nina kazi jikoni," nikasema.

Sikuwa na kazi jikoni. Nilisimama nyuma ya mlango nikawasikia wanaongea habari za shule, na za vitabu, na Mzee anacheka kicheko ambacho sikujua kuwa anacho. Ningekuwa na tundu mimi, siku ile lingeonekana.

Sasa ninaandika jambo ambalo Shafii alikufa bila kulijua.

Mashine mpya ilipofika, Mzee akaniita. Klabu yao ilikuwa inatafuta mtu wa ofisini, wa kuandika barua na kupanga karatasi, na yeye amewaambia kwamba anamjua mtu. "Mwambie rafiki yako aje Jumatatu," akasema. "Watamsaidia na kibali pia."

Nikamwambia, "Ameondoka, sir. Ameenda Joburg."

Lilitoka lenyewe, laini, kama lilikuwa limeshapikwa na kufunikwa. Mzee akasikitika. Mimi nikaenda kumenya viazi.

Wakati huo huo Furaha aliniambia kwamba saluni imemfukuza Mama Garanti. Mteja mmoja alidai kaunguzwa kichwa, na aliyemshika mteja yule alikuwa msusi mwingine, Furaha aliona kwa macho yake. "Na yeye hakusema kitu, Mama Zuhura. Nikamwambia mwambie mwenye saluni aandike. Akachukua mkoba akatoka. Mtu anayepigania birika la Bi Odette." Akawa anauza vitana na mikanda juu ya meza ya kukunja, pembeni ya barabara, na jua la mchana. Nilikuwa nikimpita kwenye taxi ya kwenda kazini. Nilijifunza kukaa upande wa pili.

Miezi minne, mitano ikapita hivyo. Kisha ikawa siku ya kwenda kuongezewa karatasi. Foleni ile wanaoijua wanaijua, unafika alfajiri na unamkuta aliyelala pale. Nilikuwa na Furaha, yeye na ya kwake ya ukimbizi, mimi na ya kwangu ya kazi. Watu wawili mbele yetu nikaona mkoba wa bizimu mbili. Nikataka kurudi nyuma, lakini foleni ile ukitoka umetoka.

Akageuka. Alikuwa amepungua, na uso umekuwa mweusi wa jua. Akawaachia wale wawili nafasi, akaja kusimama nami.

"Mama Zuhura. Mzee Kettley hajambo?"

"Hajambo. Na wewe, habari za siku nyingi."

"Mzuri. Alikuja kwetu, unajua? Pale South Beach. Alikuja kunitafuta, akanikuta chini ya jengo nangojea lifti."

Nikamwuliza, "Lini?"

"Siku kidogo baada ya mashine kufika. Alikuwa na begi la ndizi, zawadi. Akasema, mupishi wangu ameniambia uko Johannesburg. Hakukuamini vizuri. Alikuwa anakuangalia kwa ndani, Dada, yule mzee. Nikaona kama ninamujibu vibaya, wewe umemalizika."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamuambia ni kweli. Nilikuwa Johannesburg, nimerudi jana, basi lilichelewa njiani. Nikamuambia na jina la kanisa ambapo nililala." Akacheka kidogo. "Hiyo kanisa haiko."

"Na kazi?"

"Nilikataa. Nikasema nimepata ingine."

Foleni ikasogea hatua moja, tukasogea. Nikamwuliza kwa nini. Nilitaka aniambie kwamba ni kwa huruma, ningejua la kufanya na huruma, ningeichukia nikalala.

"Nimechoka," akasema. "Mutu nikimusaidia, ananisalimia kwa furaha wiki moja, ya pili anaanza kupita mbali. Nimezoea. Lakini wewe, Mama Zuhura, ulinichukia sana. Kule klabu Mzee angekuwa ananileta nyumbani kila siku kwa chai, na kila siku ungekuwa unaleta ile chai. Sikuweza kuinywa."

Nikatazama viatu vyake vya kamba. Vilikuwa vimepigwa rangi asubuhi ile ile. Na niseme kweli, maana nimeanza na ukweli: hata pale, roho yangu haikutulia. Niliona kwamba nilikuwa na kitu kimoja ambacho yeye hakuwa nacho, kusema uongo mbele ya mkubwa bila kutikisika, na hicho pia alikuwa amenishinda. Wangu ulimnyima mtu kazi. Wake ulimbakiza mtu kazini. Nilimwonea wivu kwa hilo kuliko kwa kile kiti cha maua.

Akaitwa dirishani kabla yetu. Alikuwa anaomba karatasi ya kwenda Lusaka. Huyo mume, kumbe, habari niliyopewa mimi ndiyo ilikuwa ya kweli. Alipomaliza akapita upande wetu, akanishika bega, akaenda. Sikumwona tena.

Kabla hajaondoka pale nilimwambia neno. Mimi ninakumbuka kwamba nilisema ahsante, nilimwita kwa jina lake hasa, nikasema ahsante, naye akaitikia kwa kichwa. Furaha, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, anasema sikufungua mdomo. Anasema nilitazama chini mpaka akapotea. Mambo mengine yote yaliyo humu nina hakika nayo, majina, siku, na maneno ya Bwana Pillay. Hilo moja tu ndilo linalonisumbua. Foleni ilikuwa ndefu na watu wa kwetu walikuwa wengi siku ile. Kama ulikuwepo, na ulisimama karibu, niambie nilivyofanya. Na kama Furaha ndiye aliyekumbuka vizuri, niambie hivyo hivyo.